Jina Ambalo Hakuna Aliyeliuliza

Ninyi mnaoingia kwenye kazi ya seva siku hizi mna bahati msiyoijua. Kila kitu kimeandikwa mahali, na kisichoandikwa kuna mtu amekwisha kukieleza kwenye video. Sisi tulijifunza kwa kuunguza. Mimi nimestaafu, niko hapa Ngara na migomba yangu na maharage yangu, na kila baada ya muda kijana mmoja au mwingine hunipigia simu. Shikamoo mzee, seva imejaa, nifanyeje? Marahaba, namjibu, kisha namuuliza imejaa nini. Hapo wengi hunitajia asilimia. Wanajua imejaa kiasi gani, hawajui imejaa nini. Nimechoka kurudia maneno yale yale kwenye mtandao wa kukatikakatika, kwa hiyo nimeona niyaandike.

Kazi yangu ya mwisho, na ndefu kuliko zote, ilikuwa ya kutunza mitambo ya kompyuta katika hospitali ndogo ya binafsi, kando ya barabara itokayo Biharamulo kuja Ngara. Jina lake halina kazi hapa. Tulikuwa wawili katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya magodoro: mimi na mkuu wangu, Bi Leokadia. Yeye ni Mhaya, na alianza maisha ya kazi akiunganisha simu kwa mkono, zile za kuchomeka waya kwenye tundu ndipo mtu wa Bukoba aongee na mtu wa Mwanza. Nimesoma vyuo viwili, na hakuna kilichonifundisha kama mdomo wake. Alikuwa na maneno makali na sambusa kwenye mkoba. Ukikosea ulipata vyote viwili, maneno kwanza.

Seva ya akiba, ambayo sote tunaiita kache, ni kitu chepesi kukielewa na kigumu kukiheshimu. Kanzidata inakaa kwenye diski, inatunza kila kitu, lakini ni nzito kuamka. Kache inakaa kwenye memori, inashika nakala ya vile vinavyoulizwa sana, na inakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Siku ya kwanza nilipomwomba Bi Leokadia anieleze, aliniuliza mke wangu anaweka wapi chumvi. Nikasema karibu na mafiga. Na magunia ya maharage? Ghalani. Akaniuliza tena, sasa mke wako akiyaleta magunia yote karibu na mafiga, atapikia wapi? Mimi nikacheka, yeye hakucheka. Elimu yote ya ukomo wa memori imo katika swali lile.

Na bado tulilijibu vibaya. Kache yetu ya kwanza ilifungwa na kampuni changa ya vijana wa programu kutoka Mwanza, na haikuwekewa ukomo wowote. Ikawa inakula memori taratibu, kama ng'ombe aliyeingia shamba la jirani wakati wenyewe wako kanisani. Memori ilipokwisha, mfumo endeshi ukafanya unachofanya siku zote. Huwa hauombi ruhusa, unachagua programu moja na kuiua ili nyingine zipumue. Ungedhani utaiua kache, maana ndiyo mlaji. Uliua kanzidata. Mapokezi wakabaki wanatazama skrini nyeupe, na muuguzi mmoja akaja mlangoni kwetu kuuliza kwa upole kama tumelipia umeme.

Kwa hiyo kijana, kabla hujagusa kitu, ijue mashine yako. Toa memori ya mfumo wenyewe, toa ya kanzidata kama wanakaa nyumba moja, ndipo kilichobaki uigawie kache, na usiigawie chote. Kache inapojihifadhi kwenye diski hutaka nafasi ya ziada, kwa sababu hujinakili huku watu wanaendelea kuandika. Mashine yetu ilikuwa na giga nane. Kache tuliipa mbili, na Bi Leokadia alinung'unika kwamba nimekuwa mkarimu.

Kuna mengine nimejifunza kwa aibu za watu wengine. Tuliwahi kuhifadhi idadi ya dawa kwenye kache kwa siku nzima. Asubuhi skrini inasema dawa ipo, mchana skrini inasema ipo, na kwenye rafu kumebaki vumbi. Mfamasia wetu, mtu mpole sana wa Biharamulo, alishutumiwa na mama mmoja mbele ya dirisha kwamba anawafichia ndugu zake. Alikuja ofisini kwetu akakaa tu, akala sambusa ya Bi Leokadia mpaka ikaisha. Tangu hapo tukaweka muda wa kuisha, dakika chache kwa kinachobadilika, siku nzima kwa kisichobadilika. Nasi tukajiona mafundi. Lakini tulikuwa tumevipa vitu vyote muda mmoja, vikaisha kwa pamoja asubuhi ya siku ya mnada, hospitali ikiwa imejaa, na maombi yote yakaiangukia kanzidata kwa mkupuo. Bi Leokadia akasema, "Venansi, umewaamsha watoto wote saa moja, na choo ni kimoja." Muda wa kuisha utofautishe kidogo, huyu mapema, huyu baadaye. Haitakugharimu kitu.

Hayo ni ya kuchekesha. Sasa nije kwenye lile ambalo vijana hulipita haraka haraka.

Ukiweka ukomo, ipo siku utafikiwa. Na ukifikiwa, lazima uwe umeshasema nani atoke. Unaweza kuiambia kache isimtoe yeyote bali iwakatae wanaokuja, na hapo wa ndani wako salama, wa mlangoni ndio wanaoumia. Unaweza kuiambia imtoe aliyekaa muda mrefu bila kuulizwa, au anayeulizwa mara chache kuliko wenzake. Ipo ya kumtoa aliyekaribia kuisha muda wake, ipo hata ya kuokota yeyote bila kutazama. Wengi huchagua ile ya asiyeulizwa kwa muda mrefu. Ni kanuni ya busara, kwa sababu kitu ambacho hakijaulizwa tangu asubuhi pengine hakina mwenye shida nacho. Sisi pia tuliichagua, tukakubaliana na wale vijana wa Mwanza, na kwa kache ya kweli ningeichagua hata leo. Msije mkanitafutia mkosaji katika habari ninayotaka kuisimulia. Nimemtafuta mwenyewe miaka mingi, na kila ninayemshika ana sababu nzuri.

Mara moja kwa mwaka alikuwa akija daktari wa macho kutoka Mwanza. Hukaa siku chache, anawatoa watu mtoto wa jicho, kisha anaondoka kwenda kwingine. Walikuja wazee wa Rulenge, walikuja wa vijiji vya ndani huko Biharamulo, wale Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na benchi zetu chini ya paa la bati zilijaa watu waliofumba macho kwa sababu ya mwanga. Mwaka ninaousimulia foleni haikuwa ya kadi tena, ilikuwa ndani ya mfumo. Mgonjwa anaandikishwa mapokezi, anaambiwa akae, ataitwa. Chumba cha daktari kinapata jina linalofuata kwenye skrini, na muuguzi anatoka mlangoni kuliita. Watu walifurahi kwamba hakuna tena kusukumana, nasi tulifurahi zaidi yao.

Siku ya mwisho ya daktari, mke wangu alimleta mama yake kutoka Kirushya. Jicho moja la mama lilikuwa limeshaziba kabisa. La pili lilibaki kuona mwanga na vivuli, basi. Alikuwa anaishi peke yake, hakutaka kuhamia kwetu wala kwa mtu mwingine, na alikuwa ameshaungua mkono mara moja akitafuta sufuria. Asingefanyiwa siku ile, angesubiri mwaka mzima mwingine na jiko lake la kuni. Mke wangu alimwandikisha, akamkalisha benchi la mwisho, kisha akarudi kazini kwake, maana ni mwalimu na wanafunzi wake walikuwa kwenye mitihani. Alipita dirishani kwetu akaniambia mama ameshaandikishwa, ataitwa, na mimi nikae mbali.

Kukaa mbali hakukuwa ubaya. Kwetu mwanamume hakutani ana kwa ana na mama wa mke wake. Hamshikani mikono, hamli pamoja, humtazami usoni, na jina lake hulitamki. Mkikutana njiani, unaingia migombani mpaka apite. Likiwapo neno la lazima, linapitia kwa mtu wa tatu. Hiyo ni heshima, wala hakuna ugomvi ndani yake, na nikwambieni ukweli, mama yule nilimpenda kuliko shangazi zangu wengi. Ninyi siku hizi mnapiga picha na wakwe zenu mmekumbatiana. Sijasema mmekosea.

Basi siku nzima ile, kila nilipotaka kwenda mapokezi au chumba cha daktari, nilizunguka nyuma, nikapita kwenye chumba cha kufulia kati ya mashuka yaliyoanikwa, ili nisipite mbele ya benchi lake. Wafuaji walinicheka. Kutoka dirishani niliweza kumwona mgongo tu, khanga imefunika kichwa, ameuelekea ukuta ili mimi nikitokea asinitie katika aibu. Hakusogea. Nikajisemea moyoni kwamba ataitwa.

Mwaka ule ilikuwepo pia mashine mpya ya kupiga picha za jicho. Kila picha iliyopigwa iliingizwa kwenye kache ili daktari aifungue upesi, na picha ni mzigo. Kufika mchana giga zetu mbili zilikuwa zimejaa. Kache ikaanza kufanya ilichoambiwa, ikawa inatoa visivyoulizwa.

Ambacho sisi hatukukijua ni kwamba wale vijana wa Mwanza walikuwa wameiweka foleni yenyewe ndani ya kache. Siyo nakala yake. Jina la mgonjwa anayesubiri halikuwa mahali pengine popote duniani. Waliona kache ina kasi, wakaona foleni inataka kasi, wakaziunganisha. Na programu ya kuita ilipofika kwenye nafasi ya mtu ikaikuta tupu, ilichukulia kwamba huyo ameshahudumiwa, ikaruka kwenda kwa anayefuata.

Sasa fikirini nani anaulizwa na nani haulizwi. Mapokezi siku nzima kulikuwa na watoto na wajukuu wa wagonjwa. Dada, mzee wangu bado? Dada anaandika jina, anatazama, anasema bado. Kila alipotazama, jina lile liliguswa, likawa jipya, likabaki. Waliokuwa na ndugu wasumbufu walibaki. Waliotoweka ni wale waliokuja peke yao, wale ambao Kiswahili kinawakwama mbele ya karani, na wale waliolelewa kwamba mtu mzima akiambiwa asubiri, anasubiri.

Jioni ilipokaribia, daktari alivua glavu. Skrini yake ilisema hakuna anayesubiri. Dereva alikuwa anapakia masanduku, kwa kuwa walitakiwa kufika mahali pengine ambako watu wengine walikuwa wanamngoja kesho yake. Bi Leokadia akaingia na kikombe chake cha chai, akaniuliza foleni imekwisha? Nikamwambia mfumo unasema imekwisha.

"Na wale walioko benchini ni nani?"

Nikatazama nje. Watu wanne walikuwa wamekaa. Wa mwisho ameuelekea ukuta.

Bi Leokadia akasema tuwatafute kwenye mfumo, tuanze na yule mama wa mwisho, anaitwa nani? Nikaendelea kutazama dirishani. Akarudia kuuliza, safari hii kwa sauti ya kazi. Nikamwambia yule ni mkwe wangu, siwezi kulitamka. Hakunicheka. Alinisogezea kibodi tu. Nikaliandika kwa vidole, mdomo wangu ukabaki msafi, na mfumo ukajibu kwamba mgonjwa wa jina hilo hakuna.

Nawaambieni jambo ambalo linaniuma mpaka leo ninapoandika. Kama mchana ule ningeliandika jina lake mara moja, kwa ajili ya kutazama tu amebakiza wangapi mbele yake, lingeguswa, na lingebaki. Nilikuwa na kibodi mbele yangu siku nzima. Sikulitazama kwa sababu nilimheshimu. Naye hakuja dirishani kuuliza kwa sababu aliniheshimu mimi.

Nilikimbia kwa daktari. Hakukasirika, alikuwa mtu aliyechoka sana, akarudi na tochi yake akawatazama wote wanne palepale benchini. Wawili walihitaji dawa ya matone tu. Waliohitaji kisu walikuwa mama, na mzee mmoja aliyekaa karibu naye, Mzee Masanja, Msukuma aliyekuwa ametoka vijiji vya mbali upande wa Biharamulo, amevaa koti zito kwenye joto. Muuguzi akaulizwa vifaa safi vilivyobaki. Vingetosha jicho moja.

Ikabidi nitoke. Nilisimama hatua kadhaa kutoka benchi, nikampa mama mgongo, naye akabaki na ukuta wake. Bi Leokadia akasimama katikati. Alimpa shikamoo, akamweleza kwamba jina lake lilipotea kwenye mashine, kwamba hakuna aliyekusudia, na kwamba tunaomba radhi. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie mkwe wangu nilisikia sauti yake mle ndani tangu asubuhi," akasema. "Nikaona kazi iko kwa mwanangu. Ningeuliza nini tena?"

Bi Leokadia akanigeukia akalirudia neno kwa neno, ingawa nilikuwa nimesikia kila kitu. Ndiyo namna yake. Nilishukuru kwamba mgongo wangu ndio uliokuwa mbele yao.

Nikasema amwambie mama kwamba jicho moja linawezekana, ainuke, aingie. Likafikishwa. Mama hakuinuka. Aliuliza huyu mzee anayepumua pembeni yangu naye vipi, alikuwa hapa kabla yangu. Bi Leokadia hakuwa mtu wa kudanganya, akamwambia naye alipotea, na vifaa ni vya mmoja. Mama akasokota ncha ya khanga.

"Huyu ametoka mbali, na hana hata wa kumshika mkono. Mimi ni wa Kirushya, hapa tu. Aingie yeye. Mwambie mkwe wangu nitarudi."

Nilitaka kukataa. Nilitaka kugeuka nimshike mkono nimwingize mwenyewe, kwamba mwaka ni mrefu, kwamba jiko lile litamuunguza. Lakini mama mkwe hapingwi, na nilijua kwamba nikimpinga pale mbele za watu nitamnyang'anya kitu kingine tena, baada ya kumnyang'anya jina. Nikasema amwambie mama nimesikia. Mzee Masanja alinyoosha mkono hewani akautafuta mkono wake mpaka akaupata, akasema, "Nashukulu, mama. Nashukulu sana." Kisha muuguzi akamwongoza ndani.

Mwaka uliofuata ulikuwa mrefu kama nilivyoogopa. Mama alichambua maharage kwa vidole, na jiwe alilijua kwa uzito. Alitembea shambani akishika mgomba mmoja baada ya mwingine. Mke wangu hakunilaumu hata kwa neno moja. Kila Jumamosi alikwenda Kirushya kumpikia, akarudi, akakaa kimya, na kimya chake nilikisikia nyumba nzima.

Kazini nako hatukulala, tulikuwa tunarekebisha. Foleni tuliihamishia kwenye kanzidata, kache ikabaki kushika nakala tu. Picha tukazipa kache yao peke yao na ukomo wao, zikijaa zisukumane zenyewe huko. Programu ya kuita ikabadilishwa, ikikuta nafasi tupu isiruke, ipige kelele. Wale vijana wa Mwanza walikuja wenyewe kufanya hivyo, na mmoja wao alikwenda kukaa kwenye lile benchi muda mrefu bila kuambiwa na mtu. Halafu tukajaribu. Niliijaza memori kwa takataka makusudi mpaka kache ikaanza kutoa vitu ovyo, huku Bi Leokadia ameandikishwa kama mgonjwa, amekaa nje amenuna na mkoba wake, amekatazwa kuuliza chochote. Kwake yeye, kutouliza kulikuwa adhabu. Aliitwa. Alipoingia alisema huduma ni nzuri ila benchi ni gumu, na benchi zikawekewa mito mwezi ule ule.

Kuna swali ambalo tangu wakati ule nililiuliza kwa kila kitu kilichotaka kuingia kwenye kache, na ninyi mnapopiga simu ndilo nawauliza. Hiki kikipotea sasa hivi, utakipata wapi tena? Kama unajua mahali, kiweke, weka ukomo, chagua kanuni yako, kalale. Kama hujui, hicho si cha kache, hata ukipewa giga mia. Na kanuni yoyote utakayoichagua ya nani atoke, inuka kwenye kiti utoke nje ukawatazame watu ambao itawapata. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Walisema kweli, lakini wapo wasioweza kuuliza, na mfumo mzuri ni ule ambao wao nao wamo.

Daktari alirudi. Mama naye alirudi, kama alivyosema. Siku ile nilikuwa chumbani kwetu, nikamsikia muuguzi anatoka mlangoni na kuliita lile jina kwa sauti kubwa, jina ambalo mimi sijawahi kulitamka na sitalitamka, na sijui kama nimewahi kusikia jina tamu kama lile. Bi Leokadia alinisogezea sambusa bila neno lolote kutangulia.

Asubuhi iliyofuata walikuwa wanafungua bandeji. Mimi, kwa adabu zangu, nikashika waya niliokuwa naupeleka mapokezi nikazunguka nyuma, nikapita kwenye mashuka ya chumba cha kufulia. Sikujua kwamba muuguzi amemhamishia mama kule kule, kwenye kivuli cha mashuka, ili mwanga usimuumize, na Bi Leokadia amekaa naye. Nilifunua shuka moja, na nikawa mbele yake.

Alinitazama. Miaka yote ile ya ndoa yangu alikuwa akiniona kwa sauti na kwa mgongo. Jicho lake lilikuwa jekundu bado, lina machozi ya dawa, lakini lilinishika usoni likapanda mpaka kichwani likashuka tena. Kisha akavuta khanga, akageukia ukuta, nami nikageuka upande wangu na waya wangu mkononi.

Nikamsikia nyuma yangu.

"Mwambie mkwe wangu ana mvi. Siku ya harusi hakuwa nazo."

Bi Leokadia akanigeukia, akalirudia neno kwa neno. Nikamwambia amwambie mama ni kweli.